Siku za Paka Kizuizini

Kabla ya chai, kabla hata ya kumuuliza mwenzangu kaamkaje, naangalia vinyesi. Ndiyo kazi ya kwanza ya asubuhi kwenye kituo cha paka, na mwenye kinyaa hadumu. Kila beseni la maranda lina habari zake. Kinyesi kikavu cha vipande vipande, huyo hanywi maji ya kutosha. Cha majimaji chenye ute, ni minyoo, au jana kuna mgeni mwenye huruma aliyempenyezea maziwa. Beseni lisilo na hata tone la mkojo ndilo linaloniweka roho juu, hasa likiwa la dume, kwa sababu njia ya mkojo ya dume ni nyembamba, na ikiziba anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Kwa hiyo nikiona maranda yamelowa nasema alhamdulillahi kwa dhati, wala sioni haya.

Kuzoa kila siku kuna faida nyingine ambayo watu hawaijui. Kile kijidudu cha toksoplasma wanachoonywa nacho wajawazito hutoka na kinyesi cha paka, lakini hakiwezi kumwambukiza mtu hapo hapo. Kinahitaji siku moja hadi tano nje ya mwili wa paka ndipo kipate nguvu. Ukizoa kila asubuhi, umekiwahi. Shoga yangu aliposhika mimba, mama mkwe wake alitaka paka wa nyumbani afukuzwe siku ile ile. Tukazungumza, paka akabaki, na kazi ya beseni ikahamia kwa mume, ambaye mpaka leo ananilaumu.

Kituo chetu kipo nje kidogo ya mji, hapa Unguja. Anayeujua Mji Mkongwe anajua kwamba paka pale ni wenyeji kuliko baadhi yetu. Jioni Forodhani wanakaa chini ya meza za mishikaki, macho juu, wanangoja kipande kidondoke. Alfajiri wako Malindi, diko la samaki la hapa hapa mjini, wanapokea ngalawa pamoja na wachuuzi. Hakuna anayewaita ombaomba, na wengi wao maisha yao wanayaendesha vizuri bila msaada wetu. Hao tukiwakamata ni kwa ajili ya kuwafunga uzazi na kuwachanja, tunawakata ncha ya sikio la kushoto wakiwa usingizini iwe alama, kisha tunawarudisha pale pale tulipowatoa. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na mimba yenyewe ni siku 63 hadi 65. Anayesema “tumwache azae mara moja” hajapiga hesabu.

Wanaobaki kwetu ni wale ambao mtaa umewashinda. Aliyegongwa na pikipiki. Waliotupwa ndani ya boksi la biskuti kitovu hakijakauka. Aliyezaliwa ndani ya nyumba, akalelewa kwenye kochi, kisha familia ikahamia Bara ikamwacha barazani na sahani ya wali. Hawa ndio wa kizuizini.

Neno hilo la kizuizini nimelipata kwa mzee mmoja jirani, mwenye duka la nafaka, ambaye kila adhuhuri hupita uzioni kwetu akitoka msikitini. Siku moja alisimama akaniita.

“Mjukuu wangu, hawa wote mmewatia kizuizini?”

“Ndiyo babu. Wengine hawawezi kuishi nje.”

“Unaijua habari ya yule mwanamke na paka?”

Nikamwambia naijua. Nani hapa aliyesoma chuoni, chuo cha Kurani, asiijue hadithi hiyo ya Mtume? Mwanamke aliyemfunga paka, hakumlisha wala hakumwachia akajitafutia mwenyewe, akaingia motoni kwa sababu hiyo. Mzee akatikisa kichwa akaenda zake, hakuongeza kitu. Lakini alikuwa amenishika pabaya. Paka wa Forodhani ukimnyima huyu, atakwenda kwa yule. Paka wangu ana mlango mmoja wa wavu na ufunguo ninao mimi. Nikichelewa amechelewa, nikisahau ndiyo basi. Tangu hapo naiona kazi hii kwa jicho la yule mzee: paka aliyefungiwa hana pengine pa kwenda, kwa hiyo kila kitu kwake ni saa, mkono anaoujua, na mahali pa kujificha.

Chukua mfano wa Chongo. Aliletwa ndani ya tenga la samaki, kichwa kikubwa, mashavu mapana ya shume aliyepigana maisha yake yote, jicho moja limeoza. Daktari alilitoa jicho, akamhasi, akamshona, akaturudishia. Tukamweka kwenye kizimba cha karantini. Yeye akajibanza kwenye kona ya nyuma, ndani ya beseni la maranda, akakaa humo. Hakula. Ukimsogelea anatoa ule mlio wa mvuke na kutandika mkono kwenye wavu. Kijana mmoja aliyekuja kujitolea akasema huyu ni mkali, hafai. Daktari wetu akamwambia, “Huyu haogopeshi, anaogopa. Mpeni boksi.”

Tukampa boksi la sabuni, tumelitoboa mlango ubavuni. Nilikuja kujua baadaye kwamba jambo hilo limepimwa: mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, waligawa paka wapya wa kituo mafungu mawili, wengine wakapewa maboksi ya kujifichia na wengine hawakupewa, na waliopewa walitulia mapema zaidi katika zile siku za mwanzo. Boksi. Kitu ambacho kila duka la Darajani linakitupa nje jioni. Sisi hapo kabla tulikuwa tunahangaika kutafuta vitanda vya paka vya dukani, vya manyoya ya bandia, ambavyo kwa joto letu hakuna paka anayevigusa.

Kutokula ndiko kulikotupa wasiwasi. Mtu anaweza kufunga mwezi mzima wa Ramadhani mchana akawa na afya njema. Paka akikaa siku chache bila chakula, mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini na kulizonga, na hapo kumrudisha ni kazi kubwa. Chongo tulimjaribu kwa chakula kikavu cha mfuko, akakipa mgongo. Tukamjaribu kwa kuku, akakipa mgongo. Mwenzangu akasema, huyu ni mtu wa Malindi, kuku wa nini? Akachemsha dagaa, akawaponda na supu yao, akawapeleka wakiwa bado na mvuke. Harufu ikaingia ndani ya boksi. Sisi tukatoka, tukafunga mlango, tukasikia mlio wa ulimi kwenye sahani ya bati.

Hapo ndipo siku yake ilipoanza kuwa siku. Saa moja asubuhi dagaa, saa kumi na moja jioni dagaa, mtu yule yule, nguo ile ile ya kazi, sahani ile ile. Mimi nilikuwa nakaa sakafuni ubavu upande, simtazami usoni, nasoma simu. Nikimtazama basi nafumba macho polepole na kuyafumbua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex huko Uingereza waliandika mwaka 2020 kwamba paka humrudishia mtu kufumba huko, na humkaribia hata mgeni akifanya hivyo. Mie nilifundishwa na bibi yangu, ambaye alikuwa anaongea na paka wake kwa macho tu wakati anachambua mchele. Chongo ana jicho moja, kwa hiyo akinirudishia inaonekana ananikonyeza.

Ukiniuliza nini kinachomharibia paka wa kituo siku yake, sitakutajia njaa. Njaa haipo hapa. Ni mabadiliko. Fundi kaja kuziba bati linalovuja, anapiga nyundo asubuhi nzima. Mwenzetu kaenda likizo, kaja mtu mwingine mwenye sauti kubwa na manukato. Kapita paka mpya koridoni ndani ya tenga, analia. Wewe unaona ni mambo madogo yaliyokwisha siku hiyo hiyo. Wiki moja hivi baadaye, vizimba vinaanza kupiga chafya.

Maana wengi wao wana virusi vya mafua ya paka mwilini, vya jamii ya hepesi, na vikishaingia haviondoki tena maisha yote. Vinalala. Paka akipata msukosuko, vinaamka. Macho yanatoa tongo, pua inaziba, na paka asiyesikia harufu hali. Ndiyo maana nikisikia chafya tatu Jumatatu naanza kuuliza Jumatatu iliyopita kulikuwa na nini. Mara nyingi jibu linapatikana. Tunawafuta macho kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, tunapasha chakula moto ili kinuke zaidi, na daktari akiona usaha anaongeza dawa. Wazima wanaoshwa vyombo kwanza, wagonjwa mwisho, na aliyemshika mgonjwa hashiki mtoto wa paka siku hiyo.

Ramadhani kila mwaka hutuletea kizaazaa chake. Sisi ratiba yetu inageuka: tunalala baada ya tarawehe, tunaamka kula daku, jioni kila mtu anakimbilia nyumbani kupika futari. Paka hawana habari kwamba mwezi umeandama. Saa kumi na moja jioni wamejipanga kwenye wavu kama kawaida yao. Mwaka mmoja tulijaribu kusogeza chakula chao mpaka baada ya magharibi ili iwe rahisi kwetu. Wakapigana, wawili wakajeruhiana masikio, jike mmoja aitwaye Karafuu akaanza kukojoa juu ya mifuko ya chakula. Tukarudi kwenye saa kumi na moja. Sasa aliyefunga anapika dagaa kwa ajili ya wengine huku tumbo lake linanguruma, na anapata thawabu zake.

Kuhusu chakula niseme moja, kwa sababu kila wiki kuna anayetuletea sufuria la ukoko kwa nia njema. Wahenga walisema paka hashibi kwa wali, matilabaye ni panya, na katika hili wamesema sawa na madaktari. Paka hawezi kuishi kwa nafaka. Kuna kirutubisho kiitwacho taurini ambacho mwili wake hautengenezi cha kumtosha. Anakipata kwenye nyama na samaki, na akikikosa kwa muda mrefu macho yanapofuka na moyo unachoka. Wali kidogo wa kuchanganyia supu haudhuru, lakini wali wenyewe si chakula chake. Na samaki tunawachemsha kwa sababu baadhi yao wakiwa wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na dagaa wa leo siku hizi si rahisi kuwabahatisha kila siku. Maziwa ya ng'ombe sisemi tena, nimeshayataja kwenye mabeseni.

Kingine ni panado. Alikuja baba mmoja na paka wake kifuani, paka anahema kwa shida, uso umevimba, fizi zimekuwa rangi ya kahawia. Alikuwa na homa, akasema, kwa hiyo wamempa nusu kidonge. Walimpenda yule paka, ilikuwa wazi. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa ile, damu yake inashindwa kubeba hewa, na hata kidonge kimoja humuua. Yule hakufika jioni. Yule baba alikaa barazani kwetu muda mrefu, halafu akaomba jembe akamzike mwenyewe nyuma ya mti wa mwarobaini.

Chumba cha pamoja ndiko wanakohamia wakishatoka karantini, na huko kuna siasa kuliko barazani. Kuna rafu kwenye ukuta, moja ya juu kabisa karibu na dirisha, ambapo upepo wa kaskazi unaingia na kunguru wa mwembe wanaonekana vizuri. Rafu hiyo ilikuwa ya Karafuu. Ni jike la rangi tatu, jeupe lenye mabaka ya kahawia na meusi (wageni wengine hubisha kuwa ni dume, paka wa rangi tatu karibu wote ni majike, basi). Yeye ndiye aliyeachwa barazani na sahani ya wali. Aliingia chumbani mdogo mdogo, ukuta kwa ukuta, na baada ya wiki kadhaa akawa bibi wa mtaa. Hapigi mtu. Anamtazama tu, na mwingine anashuka.

Tulichojifunza pale ni kwamba ugomvi mwingi unatokana na sisi tulivyopanga vitu. Bakuli zote zikikaa kona moja, mwenye nguvu anakaa mlangoni na mnyonge anashinda na njaa huku chakula kimejaa. Ukizitawanya, ugomvi nusu unakwisha. Mabeseni vivyo hivyo. Kanuni ni idadi ya paka ongeza moja, na sisi hatujawahi kuifikia kwa sababu ya nafasi, lakini tukiikaribia mkojo wa ukutani unapungua. Tuliweka pia njia mbili kwenye kila rafu, ya kupanda na ya kushuka, asinaswe mtu juu. Wazo hilo lilitoka kwa seremala anayetupa maranda, aliyekaa nusu saa akimwangalia paka mmoja mnyonge alivyozuiwa kushuka, akasema, “Huyu mmemjengea jela ndani ya jela.”

Masika ndiyo msimu wa watoto. Mvua zinaanza Machi, zinakazana Aprili, na maboksi yanaanza kuonekana mlangoni kwetu asubuhi yakiwa yamelowa. Hapa pana jambo linalowakosesha wengi usingizi: mtoto wa paka aliye baridi hapewi chakula. Tumbo lake limesimama, maziwa yatamkaa au yatamwingia mapafuni. Kwanza apate joto, polepole, chupa ya maji moto iliyofungwa kwenye taulo, au kifuani pako chini ya kanga. Ukishika masikio yake na kuhisi yana uvuguvugu, hapo ndipo maziwa, ya unga wa watoto wa paka, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Kila baada ya kulishwa unamfuta chini kwa pamba yenye maji, kama ulimi wa mama yake, maana hawezi kukojoa mwenyewe. Macho yanafumbuka baina ya siku ya 7 na ya 14. Wengine hawafiki huko. Unawaacha wazima saa nane usiku, unawakuta wamepoa saa kumi, na hujui kwa nini. Daktari wetu ana miaka mingi kazini na yeye pia mara nyingine hujibu kwa kuinua mabega.

Tauni ya paka ikiingia, huko tena sina la kusimulia zaidi ya jiki. Kirusi chake hukaa sakafuni hata mwaka mzima, sabuni haimgusi, spiriti haimgusi. Jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo 32, sakafu iwe imeshasuguliwa kwanza, ikae dakika kumi. Na chanjo. Mwaka ule ilipotupitia sijausahau, na sipendi kuieleza.

Watu huniuliza siku ya furaha ni ipi. Wanataka niseme ni siku paka anapopata nyumba. Kwangu mimi ni furaha, kwa paka mwenyewe ndiyo siku mbaya kuliko zote. Fikiria alivyojenga maisha yake: saa zake, rafu yake, harufu yake kila kona. Anakuja mtu asiyemjua, anamtia kwenye tenga, gari linanguruma, na akifunguliwa yupo kwenye nyumba ya kelele na watoto watano wanaotaka kumbeba.

Karafuu alipata nyumba. Familia nzuri, mjini, nyumba ya ghorofa yenye baraza la ndani. Hata wiki haikutimia wakamrudisha. Alikuwa amejificha nyuma ya friji muda wote, kala kidogo sana, na mtoto aliyemvuta alipata mkwaruzo mkononi.

“Dada, mlituambia ni mpole,” mama mwenye nyumba aliniambia. Hakuwa na hasira, alikuwa kachoka.

“Ni mpole, dada yangu. Bado hajafika.”

Alinitazama kama niliyesema fumbo, lakini ndivyo ilivyo. Mkwaruzo wenyewe tulihakikisha umeoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika kumi na tano, na mtoto akapelekwa hospitali kuangaliwa, kwa sababu kichaa cha mbwa hakichagui mbwa peke yake hata kama paka kachanjwa. Karafuu alikuta rafu yake imeshachukuliwa. Alikaa chini ya benchi, akaanza mafua. Ilimchukua muda mrefu kupanda tena, na rafu ya dirisha hakuipata. Sasa anakaa ya pili yake, na naona ameridhika, au mimi ndiye niliyeridhika.

Baada ya hapo kituo kilibadili namna ya kutoa paka. Hatumkabidhi mtu tenga na kumwambia kwaheri. Paka anakwenda na boksi lake alilolilalia, pamoja na kipande cha kanga kuukuu chenye harufu ya chumbani kwetu. Anawekwa chumba kimoja tu, mlango umefungwa, beseni upande huu na chakula upande ule. Watoto wanakaa sakafuni wanamsomea masomo yao ya chuoni kwa sauti ya chini, hawamshiki mpaka yeye aje. Chakula ni kile kile na saa ni zile zile. Wengine wanatuona tunajifanya, ati paka na masharti. Wanaokataa masharti hatuwapi.

Wanja, yule mweusi, hana anayempigia hesabu. Ni jike dogo, laini, anayekufuata miguuni mpaka unajikwaa. Wageni wanapita chumbani, wanawasifia weupe, wanafika kwake wanatoa udhuru. Wengine wanasema wazi kwamba paka mweusi ana jini, au ni wa watu wa usiku. Mama mmoja aliyavuta majuba yake asije akaguswa. Sibishani sana. Namkumbusha tu anayetaka kukumbushwa kwamba Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliinamisha chombo chake cha maji ya udhu paka akanywa, na wala hakuulizwa paka yule alikuwa wa rangi gani.

Yule mzee wa duka la nafaka alirudi mwaka huu, safari hii hakusimama uzioni, aliingia ndani.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mjukuu wangu. Panya wamenimalizia mchele. Nataka dume, kali, lisilodekezwa.”

Nikamwonyesha Chongo, aliyekuwa amelala chali juani mikono imekunjwa. Mzee akamtazama, akatazama lile jicho lililoshonwa, akacheka. Nikamwambia masharti yote. Nilidhani atakataa. Akanisikiliza mpaka mwisho akasema, “Saa kumi na moja. Sawa. Wakati wa kufunga hesabu.”

Chongo alikaa nyuma ya magunia ya mbaazi siku za mwanzo, ndani ya boksi lake la sabuni, mzee akimpelekea vibua na kuondoka bila kumsemesha, kama nilivyomwelekeza. Nilikuwa napita jioni, naangalia beseni. Juzi mzee akanipigia simu, sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

“Huyu paka wako mwizi. Nimenunua changu wa kuoka, nimeweka mezani, nageuka naye katoweka naye.”

“Basi babu, nije nimchukue?”

“Umchukue umpeleke wapi? Nauliza yule mweusi bado mnaye?”

Wanja atakwenda mwisho wa wiki. Mzee ameshaambiwa asiwakutanishe mara moja: kila mmoja na upande wake kwanza, awabadilishie matandiko yao wasikie harufu, kisha waonane kupitia wavu wakati wa kula, na kila mmoja awe na bakuli lake mbali na mwenzake. Amekubali yote, ila baina ya duka na stoo hakuna mlango, kuna pazia tu. Seremala kapima jana. Fremu ya wavu itakuwa tayari Alhamisi, na kasema hatoi hesabu ya pesa, anataka mchele kilo tano kwa mzee.